Picha na Mahali pa Kusimama

Msomaji, huko Kituluni, yapata kilomita 12 mashariki ya mji wa Machakos, pana kipande cha barabara ambacho wageni hupenda kukijaribu. Maji yakimwagwa hapo huonekana yakipanda badala ya kuteremka. Hakika maji hayapandi. Yanashuka kama maji yote ya dunia. Ila vilima vilivyozunguka huficha upeo, na jicho, likikosa mstari sawa wa kulinganishia, hudhani mteremko ni mwinuko. Kosa si la maji, bali la mahali tunaposimama kuyatazama.

Lichukue somo hili utazamapo picha za sanaa ya mitaani. Sanaa hiyo waijua: ng'ombe aliyechorwa juu ya mlango wa bucha, na vichwa vilivyonyolewa vizuri ukutani mwa kinyozi. Kwa kuwa waipita kila siku, yumkini huioni tena. Mpiga picha huja, akakurudishia kitu ulichokuwa nacho. Lakini hakurudishi chote.

Twaa mfano wa ng'ombe wa bucha. Mpiga picha akisogea karibu hata ng'ombe ajae picha nzima, tutasifu rangi na mkono wa mchoraji, wala hatutajua kwamba kazi yake ni kuuza nyama. Akirudi nyuma hatua 20, ataingia mwenye bucha, na mizani yake, na mama mwenye kikapu. Hapo ng'ombe huwa tangazo la riziki. Akipiga goti, ng'ombe huwa mkubwa kuliko wapitao. Akipanda ghorofani ng'ambo ya barabara, huona bati tupu la paa, na ng'ombe hayumo kabisa. Ukuta ni ule ule na rangi ni ile ile. Kilichobadilika ni miguu ya mpiga picha.

Wahenga walisema kuwa macho hayana pazia. Kamera inalo, nalo ni kingo nne za picha. Kila kilicho nje ya kingo hizo kimefichwa na mtu kwa hiari yake.

Mfano mkubwa zaidi ulionekana Kibera, Nairobi, mwaka 2009. Msanii wa Ufaransa ajulikanaye kwa jina la JR alipiga picha za nyuso na macho ya wanawake wa hapo, akazitandaza juu ya mapaa, yapata meta za mraba 2,000. Macho mengine yalibandikwa kwenye mabehewa ya garimoshi lipitalo pale, na sehemu za chini za nyuso zikawekwa kwenye mabati ya mteremko chini ya reli. Garimoshi lilipopita, kwa nukta moja tu, macho yalikutana na midomo, na nyuso zikakamilika.

Picha zinazojulikana sana za kazi hiyo zilipigwa kutoka juu, nazo zinapendeza mno. Walakini mwanamke aliyeketi chini ya paa lake hakuweza kuyaona macho yaliyo juu yake. Alichopata yeye ni kingine: picha zile zilichapwa juu ya plastiki isiyopitisha maji, zikasaidia kuzuia mvua isiingie nyumbani. Kutoka juu ilikuwa sanaa. Kutoka chini ilikuwa paa. Kwa maoni yangu, ubora wa kazi hiyo ni kwamba ilisimama imara pande zote mbili. Upungufu ni wetu sisi watazamaji, tukiridhika na upande mmoja, tukafanya makazi ya watu kuwa pambo la macho yetu.

Kwa hiyo, upewapo picha ya mtaa wowote, uliza mambo matatu kabla ya kuisifu au kuilaumu. Aliyeipiga alisimama wapi? Aliacha nini nje ya kingo? Na aliyemo ndani ya picha, angetazama kutoka kwake, angeona nini? La tatu ndilo zito, kwa kuwa lina heshima ya mtu ndani yake.

Kisha nenda kwenye ukuta unaoupita kila siku. Utazame kwa karibu, kwa mbali, na kutoka mlangoni mwa mwenyewe. Ukiona kuta tatu mahali ulipodhani pana mmoja, umeanza kujua kusoma picha.