Mlima wa Wangusa na Mbingu ya Kiswahili

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili amezoea maji. Tenzi na riwaya zetu zimejaa majahazi, kusi na kaskazi, mikoko na bandari. Hata Euphrase Kezilahabi, mtu wa bara, alizaliwa kisiwani Ukerewe. Wanafunzi wetu hapa Makindye huyasoma hayo kwa bidii, lakini wengi wao wametoka kwenye vilima na milima. Basi katika toleo hili tumeona tumjadili mwandishi wa mlimani, Profesa Timothy Wangusa, ingawa yeye huandika kwa Kiingereza.

Wangusa alizaliwa mwaka 1942 huko Bugisu, kwenye Mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba. Alisoma Makerere na Leeds, kisha akafundisha Makerere kwa miaka mingi. Miongoni mwa diwani zake ni Salutations (1977) na A Pattern of Dust (1994). Riwaya yake inayojulikana zaidi ni Upon This Mountain (1989).

Mhusika mkuu wa riwaya hiyo, Mwambu, ana nia moja tangu utotoni: kuigusa mbingu. Wanafunzi wakiulizwa dhamira ya kitabu huandika "mgongano wa mila na usasa", halafu huweka kalamu chini. Jibu hilo si la uongo, ila linaweza kubandikwa kwenye riwaya mia za Kiafrika, na linauacha mlima nje. Kwa Wangusa mlima si mandhari. Ni kipimo. Kanisa linamwonyesha Mwambu njia ya kwenda juu, shule inamwonyesha nyingine, na mila inamwambia kwamba utu uzima hupatikana kwa kisu. Kila upande kijana anaambiwa apande. Hata jina lake ni mzigo: Mwambu ni jina la babu katika masimulizi ya asili ya Wamasaba na ya ndugu zao Wabukusu upande wa Kenya.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotusaidia kuliko Kiingereza chenyewe. Kiingereza kina neno moja la anga analoliona mtoto na jingine la makao ya Mungu. Kwetu mbingu ni hayo yote mawili, kama eggulu katika Luganda. Mwambu akisema kwa Kiswahili kwamba ataigusa mbingu, msikilizaji hajui kama anasema kitoto au kidini, na pengine mtoto mwenyewe hajui. Tunathubutu kusema kwamba hapo tafsiri ingekuwa karibu zaidi na fikra za mlimani kuliko kitabu kilivyo.

Lakini lipo neno linalotuangusha, nalo ni jando. Kamusi itatuelekeza huko mara moja, na tutapotea. Katika jando tunalolisoma vitabuni, wavulana hutengwa na kufundishwa kwa siri. Imbalu ya Wamasaba, inayofanyika miaka ya shufwa, huelekea upande mwingine kabisa. Kijana husimama wima uwanjani mbele ya ukoo na majirani, na akitikisika, wote wameona. Anachokiogopa si kisu tu, ni macho ya watu. Ukiandika jando umekificha kitu ambacho desturi yenyewe imekiweka hadharani. Tunapendekeza imbalu ibaki imbalu, ipokewe kama maneno mengine ya bara yalivyopokewa.

Hatusemi riwaya haina kasoro. Mwandishi ni mwalimu, na ualimu unaonekana. Mara kwa mara methali na Biblia hurundikwa hadi hadithi inasimama kuzisubiri. Katika ushairi mzigo huo ni mwepesi zaidi. Shairi la "Psalm 23 Part II" linaichukua Zaburi ya mchungaji na kuiweka Serikali mahali pa Bwana, na tashtiti yake inawapata barabara wanaolishwa na ofisi za umma. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo. Tena kwetu mchungaji ni wa kondoo na ni wa kanisa pia, kwa hiyo pigo linafika mara mbili.

Kazi ya kumtafsiri mwandishi wa Uganda si ngeni: Okot p'Bitek alipata Kiswahili kwa mkono wa Paul Sozigwa katika Wimbo wa Lawino. Tunalisema hili kwa sababu mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Watakaolifundisha ni hawa hawa walio madarasani mwetu. Makindye ni mahali ambapo kwa muda mrefu Kiswahili kilihusishwa na kambi ya jeshi, na mzazi anayekikumbuka hivyo hatavutwa na majahazi peke yake. Akisikia mtoto wake anasoma habari za Masaba, huenda akauliza kilichoandikwa.

Tungeanza na shairi fupi, "A Taxi Driver on His Death", ambamo dereva anatabiri kifo chake barabarani. Tulilijaribu darasani, na ubishi ulianza kwenye kichwa. Dar es Salaam teksi ni gari la kukodi. Kampala ni gari la abiria wengi, ndugu wa daladala na matatu. Dereva anakufa na abiria mmoja, au na gari zima? Darasa liligawanyika.