Riwaya Chini ya Kitanda

Rafiki yangu wa Gatwekera, Kibera, ana nakala 163 za riwaya yake chini ya kitanda. Zilikuwa 200. Mvua ya Aprili iliharibu 11, na 26 zilienda kwa maboyz waliosema "nakutumia M-Pesa kesho." Kampuni iliyomtolea kitabu ilimchaji sh 80,000, ikamletea maboksi kwa pikipiki hadi Olympic, ikampiga picha akiwa amekumbatia moja, halafu simu zikaanza kutoshikwa.

Mimi nimeisoma hiyo riwaya. Ni nzuri, hasa sura za katikati, ingawa mwisho ameukimbiza. Lakini ubora wake hauna uhusiano wowote na hizo nakala 163, na hapo ndipo ninagombana na warsha za uandishi tunazohudhuria kila mwaka, Kibera hata kwetu Kawangware. Zote huimba wimbo mmoja: andika hadithi yako, dunia inakungoja. Poa. Na hiyo dunia ikitaka kukinunua, itakipata wapi?

Wengi wetu tunachanganya watu wawili. Mchapaji ana mashine; yuko Kirinyaga Road au River Road, ukimpa faili na pesa anakupa maboksi, kazi imeisha. Mchapishaji anatakiwa aweke pesa yake mwenyewe, amlipe mhariri, na akisukume kitabu mpaka dukani, kwa sababu kisipouzwa hasara ni yake. Anayekulipisha wewe kila senti ameshapata faida kabla hata msomaji wa kwanza hajafungua ukurasa. Ana haja gani ya kukimbizana na maduka?

Mtu aliyeelewa haya mapema Nairobi hii ni David Maillu. Mwanzoni mwa miaka ya 70 alianzisha Comb Books na kujitolea vitabu vyake mwenyewe. My Dear Bottle ni mlevi anaongea na chupa. After 4:30 inahusu wanawake wa maofisini na mabosi wao. Wasomi wa chuo kikuu waliviita uchafu, na wengine hadi leo wakimtaja huguna kwanza. Sisemi kila ukurasa wake ni dhahabu. Pale anapohubiri huchosha kabisa. Ila wakosoaji wake walisoma ulevi na ngono tu, wakasahau kusoma biashara. Maillu aliangalia nani anapita barabarani na sarafu mfukoni: karani, taipisti, kondakta. Akawatengenezea kitabu kidogo cha kuingia mfukoni, kwa bei ya mtu anayepita, kwa Kiingereza kisichovaa tai. The Kommon Man, ambayo ni ndefu, aliitoa kwa sehemu. Vikauzwa kwa maelfu katika nchi ambayo tunaambiwa kila siku eti watu wake hawasomi.

Kisha 1976 Tanzania ikapiga marufuku vitabu vyake, na kabla miaka ya 70 kuisha Comb Books ilikuwa imekufa. Hiyo nayo ni sehemu ya hadithi, usiiruke. Aliyejichapishia ndiye anayebeba kila hasara, na hana wa kugawana naye.

Sasa tuingie njia ile nyingine, ya mchapishaji wa kweli. Tuseme kitabu kinauzwa sh 800. Tangu sheria ya 2013 vitabu vinatozwa VAT ya 16%, kwa hiyo ukiitoa inabaki kama sh 690. Duka likichukua 35%, mchapishaji anabaki na kama sh 448. Mrabaha wako, tuseme 10%, mara nyingi huhesabiwa kwa hiyo 448, wala si kwa ile 800 iliyo kwenye jalada. Ni sh 45, na KRA bado haijakata yake. Asubuhi ya mvua hiyo haikutoi Kawangware mpaka tao kwa mathree ya 46. Nakala 1,000 zikiisha zote, umepata 45,000, na huenda ikalipwa mara moja kwa mwaka. Soma kwenye mkataba ni asilimia ya nini. Neno moja tu pale linaweza kukata pesa yako karibu nusu.

Ndiyo maana wachapishaji wetu wakubwa wanaangalia shule kwanza. KICD ikiteua riwaya yako iwe ya kutahiniwa, maisha yamebadilika: Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora ilisomwa kwa KCSE kuanzia 2013 hadi 2017, na kufikia 2016 watahiniwa walikuwa zaidi ya nusu milioni. Maharamia nao hawalali. Vitabu vya namna hiyo ndivyo wanavyovinakili kwanza. Na mwaka 2018 serikali ilianza kununua vitabu vya kiada na kuvipeleka moja kwa moja shuleni, maduka mengi ya mtaani yakakosa unga. Lile duka lililokuwa likiweka riwaya kando ya vitabu vya hesabu sasa linauza madaftari na kadi za simu. Riwaya yako ilikuwa inategemea hesabu, hukujua.

Mwezi uliopita tulijaribu njia ya Maillu. Tulichapisha sura tatu za kwanza kama kijitabu, tukauza kwa sh 100 katika kinyozi kimoja pale Congo, Kawangware. Vijitabu 60 viliisha kwa siku tisa. Tukiwa tunapanga sehemu ya pili, rafiki yangu akatoa mkataba wake kwenye bahasha, mara ya kwanza kuusoma tangu atie sahihi. Ameipa ile kampuni haki zote, lugha zote, mpaka filamu, kwa muda wote wa hakimiliki. Kwa sheria ya Kenya huo ni uhai wake na miaka 50 baada ya kufa. Hata vile vijitabu 60 hatukuwa na ruhusa ya kuviuza.

Tumeandika barua kuomba haki zirudishwe. Jumamosi kinyozi ameniuliza tena sehemu ya pili inakuja lini, kuna mteja mmoja anamsumbua. Nimemwambia tunangoja jibu.