Asili na Maana ya Neno "Safari"

Wapo wanaodai kwamba neno la mkopo hubaki daima mali ya lugha lilimotoka. Dai hili lavunjwa na neno "safari". Kiswahili kililipata kutoka Kiarabu, kwa maana ya mwendo wa mbali. Kisha Waswahili wakaliongezea maana ya "mara", kama katika "safari hii hatukubali", maana isiyokuwamo katika "safar" ya Kiarabu. Katika karne ya 19 Waingereza nao walilitwaa kwa Waswahili, wakalibana hadi likawa msafara wa kuwinda wanyama, na baadaye wa kuwatazama. Hakuna amwambiaye Mwingereza alirudishe. Mbona basi Mswahili asutwe kwa kuazima? Asili huonyesha neno lilikozaliwa. Maana huamuliwa na walitumiao.