Hiari na Swali la Malaika

Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa wa Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Kuze, Mombasa, ulichapishwa 1971, mwenyewe akiwa kifungoni. Kuusoma kama kisa cha dini tu ni kuupunja. Mbona Mungu akampa hiari kiumbe ambaye alijua kuwa atakosa? Qurani yasimulia kwamba malaika waliuliza lililo karibu na hilo: je, atawekwa duniani mwenye kufisidi na kumwaga damu? Hawakuadhibiwa, walijibiwa kuwa Mola ayajua wasiyoyajua. Adamu naye alikosa, akatubu, akapokewa. Toba haiwi pasipo hiari, kwani asiyeweza kukosa hana la kurejea. (Neno lenyewe, kwa asili yake ya Kiarabu, ni ndugu wa “heri”.)

Hapa ndipo maisha ya mshairi yaingiapo katika uhakiki, wapende wasipende wanaotaka matini peke yake. Waraka wake wa 1968, Kenya: Twendapi?, nao ulikuwa swali. Serikali ilimjibu kwa kifungo, 1969 hadi 1972. Sauti ya Dhiki (1973), mashairi aliyoyatunga gerezani, yafaa yasomwe baada ya utenzi huu, si kabla.