Namna ya Kuipima Kazi ya Fundi wa Barafu na Hewa

Juu ya ikweta maji huanza kuganda angani karibu na futi 16,000, na ndege za pangaboi zinazotoka Dar es Salaam kwenda Mwanza au Kigoma hupita humo humo mawinguni. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kinga ya barafu ni shughuli ya Ulaya. Tatizo ni kwamba kazi hii hujaribiwa huko juu, nawe unayeipokea ndege uko chini. Lazima uisome kwa alama ndogo.

Anza na mpira mweusi uliovikwa ukingo wa mbele wa bawa. Ukijazwa hewa huvimba na kuivunja barafu, kisha hewa hunyonywa ukalala. Mwombe fundi aujaze mbele yako. Kila sehemu ivimbe kwa zamu yake bila kusuasua, na ikilala isibaki na kinundu. Halafu pitisha kiganja. Kiraka cha fundi hodari hakishiki ukucha: kingo zimelala, chini yake hamna hewa, gundi haikuchuruzika. Tundu la ukubwa wa pini nalo si la kusamehe. Mfumo unaponyonya hewa, hunyonya na maji ya mvua, nayo yakifika kwenye baridi huganda ndani ya mabomba na vali, na mpira hauvimbi tena. Uliza pia unaoshwa na nini. Sabuni laini na maji vinatosha. Anayeufuta kwa petroli anaula mpira polepole.

Kwenye kioo cha mbele, tafuta mapovu, ukungu wa maziwa pembeni na alama za kuungua katikati ya matabaka, palipo na utando wa umeme unaokipasha joto. Joto hilo huzuia barafu, na pia hukifanya kioo kihimili ndege wa angani akikigonga. Michirizi ya nusu duara inakueleza kwamba kuna mtu huwasha waipa kioo kikiwa kikavu.

Hewa ya abiria ndiyo hunifurahisha zaidi kuikagua, maana hapo pua na sikio hufanya kazi. Mvuke mweupe unaotoka kwenye matundu siku ya joto pale Dar ni unyevu wa pwani tu, na hutoweka. Matone yanayowadondokea abiria ni jambo jingine: huenda kichujio cha kutenganishia maji kimeziba. Harufu ya soksi chafu huashiria mafuta ya injini yaliyoingia kwenye hewa. Fundi wa kweli huifuata mpaka kwenye sili inayovuja; mvivu hubadilisha kichujio akaenda zake. Tazama na mipira ya milango. Michirizi ya uchafu kwenye bodi karibu na mlango huonyesha hewa inapopenya.

Kipimo kikubwa kuliko vyote ni jinsi fundi anavyoiacha ndege. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Agosti 2005, mafundi waliijaza hewa Boeing 737 ya Helios huko Larnaca, Cyprus, wakitafuta uvujaji mlangoni. Kwa jaribio hilo swichi ya mgandamizo huwekwa kwenye hali ya mkono. Haikurudishwa, marubani nao hawakuiona, na ndege ikapanda bila kujaza hewa ya kutosha. Watu 121 walikufa karibu na Athens. Mwaka 1996, Boeing 757 ya Aeroperú iliondoka Lima ikiwa bado na utepe uliobandikwa juu ya matundu ya vipimo wakati wa kuoshwa. Walikufa 70.

Basi soma kitabu cha ndege. Fundi bora ameandika swichi aliyoigusa na mahali alipoirudisha, vifuniko alivyoweka na idadi aliyoiondoa, na kiasi cha mgandamizo kilichopotea kwa dakika wakati wa jaribio. Ukikuta limeandikwa neno moja tu, "sawa", usitie saini.