Antena inayongojea mutu wa mwisho

Wandugu, siku moja mwalimu alitutumia video ya somo. Tulikuwa 80 mu darasa, na kila mutu akaivuta kwa mega zake. Video ni moja, lakini rezo ikaituma mara 80! Njo pale nilikumbuka makala ya Sidiropoulos, Davidson na Luo ya mwaka 2006, niliyoisoma nikiandika TFC yangu. Leo nataka kuisifu kidogo, halafu kuilaumu.

Wazo lao ni hili: mnara wenye antena nyingi unapanga nguvu ya kila antena na wakati wimbi lake linapoanza, ili mawimbi yaungane kule watu waliko, yasimwagike ovyo. Habari inatumwa mara moja, wote wanaipokea. Je, ni nguvu gani ndogo kabisa inatosha kila mutu asikie vizuri? Walionyesha kwamba hesabu hiyo ni ya zile ngumu sana: hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kupata jibu kamili kila mara. Basi wakalegeza sharti moja, wakapata jibu la karibu ambalo kompyuta inaliweza. Kukiri ugumu, kisha kutoa dawa: pale nawapongeza.

Sasa lawama. Kwanza, wanachukua kwamba mnara unajua njia ya mawimbi hadi kwa kila simu. Lakini mutu akitembea tu, habari hiyo inazeeka. Pili, wanapima haki kwa yule anayesikia vibaya kuliko wote. Ni haki nzuri, ila mutu mmoja nyuma ya ukuta wa beto anaweza kupunguza mwendo wa darasa nzima. Na watu wakizidi, antena zikibaki zile zile, mwale unakosa upande wa kuelekea, faida inayeyuka.

Kuko watakaosema: basi mumuache huyo. Mimi nakataa! Yule wa nyuma ya ukuta njo mara mingi hana mega za kuvuta video peke yake. Ningependa makala iulize tumusaidie namna gani: tumurudilie vipande alivyokosa, ao tuweke antena ndogo karibu yake? Ndani ya hesabu yao yeye ni sharti moja tu kati ya mengine.

Sisi tunaosoma mambo ya rezo, kabla ya kupigia hesabu makofi, tuulize kwanza: nani amekaa nyuma ya ukuta?