Bawa Lililopinda

Wapo wasemao kwamba picha ya mnyama wa porini ikipendeza inatosha. Mimi niliyewafunza walimu kwa miaka mingi naiona kwanza kama ushahidi, kwa kuwa mtoto ambaye hajapata kumwona mnyama mwenyewe ataamini kile kilicho ukurasani.

Nayasema haya kwa sababu ya picha nilizoletewa nizihakiki na mwanafunzi wangu wa zamani, anayetayarisha kitabu cha wanyama na ndege kwa ajili ya shule za msingi. Zote amezipiga kwa shata ya kielektroniki, kwa vile haina mlio.

Kwa digidigi amefanya vyema kabisa. Tazama vitabu vingi vya mbuga zetu: mnyama anakukodolea macho, masikio yamesimama. Wahakiki husifu macho hayo, eti yanazungumza na mtazamaji. Nionavyo mimi, mara nyingi mnyama huyo amesikia mlio wa kamera tu, na yu tayari kukimbia. Shata ya kimakanika ni mapazia mawili yanayofuatana mbele ya sensa, na kelele zake, hasa picha zikipigwa mfululizo, humfikia mnyama aliye karibu. Katika picha za mwanafunzi wangu digidigi wanachuma majani, dume na jike, kana kwamba hakuna mtu.

Taabu inaanza kwa chozi. Ndege huyu amenaswa akiruka kutoka kwenye ua, kila unyoya unaonekana, lakini bawa la kushoto limepinda kama jambia. Bawa la namna hiyo halipo duniani.

“Lakini Mwalimu, niliweka kasi ya 1/4000!”

Kasi hiyo ni ya kila mstari peke yake. Sensa ya kamera kama yake husoma mistari kutoka juu hadi chini, mmoja baada ya mwingine, na kazi nzima huweza kuchukua kama 1/30 ya sekunde. Mstari wa chini unaposomwa, bawa limekwisha kuhama. Ndiyo maana picha haina ukungu, na bado ni ya uongo. Afadhali ukungu, ungemwambia mtoto kwamba bawa lilikuwa mbioni.

Mapazia nayo yana uongo wake. Mfaransa Jacques Henri Lartigue, mwanzoni mwa karne ya 20, alipiga picha ya gari la mashindano ambalo gurudumu lake limelala mbele kama yai, kwa sababu pazia la kamera yake lilikwenda polepole. Picha hiyo husifiwa hadi leo, na sina ugomvi nayo, maana hakuna atakayeitumia kufundisha umbo la gurudumu. Mapazia ya siku hizi humaliza safari kwa takriban 1/250 ya sekunde.

Zipo kamera zilizokwisha kuumaliza mgogoro huu, au karibu. Nikon Z9 ya mwaka 2021 haina mapazia kabisa, lakini sensa yake husoma upesi karibu sawa nayo. Sony a9 III, iliyotangazwa mwaka 2023, husoma mistari yote kwa pamoja. Bei zake si za mshahara wa mwalimu. Mwenye kamera ya kawaida na amtazame kiumbe kwanza: aliyetulia apigwe kimyakimya, arukaye apigwe kwa mapazia. Chozi akishtuka, na ashtuke. Alikuwa anaondoka hata hivyo.

Nimemshauri aitoe picha ile kitabuni. Hajakubali, anasema rangi zake ni nzuri mno.